Mahindi ya Nyuma ya Pazia

Wiki iliyopita jirani yangu mmoja, mke wa mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya Makenke, hapa Mbarara, alinibwagia gunia la mahindi sebuleni. "Mama Yunifomu," aliniita, kwa sababu nashona sare za shule na jina langu halisi hajawahi kulitafuta, "wekea mimi hii kitu, mvua inakuja. Narudi sasa hivi." Hiyo sasa hivi yake ilikaa siku mbili.

Wewe unayenijua utasema, gunia tu, linakula watu? Basi jua kwamba siku hizo mbili sikukaa sebuleni kwangu. Nilihamishia cherehani jikoni, nikawa naunga kola za watoto wa watu huku moshi unanitoa machozi. Na kabla ya kuhama nilifanya jambo ambalo nimelifanya kwa kila gunia la mahindi nililokutana nalo tangu utotoni. Nilinyoosha kiganja nikakibandika ubavuni mwake, kama mama anayempima mtoto homa. Lilikuwa baridi. Nikahama hata hivyo.

Nililelewa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, na bibi mzaa mama, ambaye sisi tuliotoka Kongo tulimwita koko. Wazazi walibaki nyuma, huko tulikotoka, na namna walivyobaki si habari ya leo. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, imeezekwa kwa yale maturubai ya plastiki ambayo kila mtu aliyaita shitingi. Upepo ukivuma kutoka ziwani, shitingi ililialia mchana kutwa, na vumbi jekundu lilipita chini ya mlango kama mgeni asiyebisha hodi. Sisemi palikuwa pazuri. Nasema palikuwa kwetu. Palikuwa na sombe, majani ya muhogo, inayochemka kwa mawese koko akiyapata, samaki wadogo waliokauka hadi kulia kama karatasi, na mchi wa mama jirani ulioanza kutwanga kabla jogoo hajakumbuka kazi yake.

Mimi nilikuwa mtoto wa jikoni. Wenzangu walitoroka kwenda ziwani kuchungulia viboko, mimi nilibaki nachagua mawe kwenye maharage. Nilipopelekwa kulala kwa mama mdogo, upande wa pili wa kilima, nililia mpaka wakanirudisha siku ileile, na watu wa kijiji kizima wakapata cha kuchekea kwa mwezi mmoja. Binti wa mama jirani, rafiki yangu wa tangu kutambaa, alikuwa bingwa wa kunichokoza. "Weye," alinambia, "siku ukiolewa tutabeba nyumba ya koko yako kwenye kichwa tukufuate nayo." Yeye alikuwa kinyume changu kabisa. Mguu wake haukutulia. Alijua kila gari lililofika Base Camp, makao makuu ya kambi, limetoka wapi na linarudi saa ngapi, na alikuwa amekwisha kuniambia kwamba atasoma Mbarara, awe muuguzi, avae viatu vyeupe. Hakusema "nikipata." Alisema "nikifika."

Wakati huo ukimaliza shule ya msingi pale kambini ulikuwa umemaliza. Sekondari ilikuwa habari ya watu wenye watu. Mchungaji wetu, mtu mrefu mwenye sauti ya kinyenyekevu, hakulipenda jambo hilo, akaleta mpango. Kila siku ya mgao wa chakula cha msaada, kila nyumba ingetoa kikombe kimoja cha mahindi. Wakati wa mavuno, wenye vishamba wangeongeza beseni. Mahindi yangekaa kanisani mpaka miezi ya njaa, bei ikipanda yangeuzwa kwa wafanyabiashara wa Mbarara, na faida ingepeleka mtoto sekondari. Vikombe, mabeseni, halafu mtoto amevaa soksi. Mwaka wa kwanza ilitimia vilevile. Mtoto wa fundi baiskeli alienda, akarudi likizo anaongea Kiingereza hata na kuku.

Sasa sikia jambo lililokuwa zuri kuliko yote, kwa sababu ndilo lililotumaliza. Nyuma ya madhabahu palikuwa na chumba cha kuhifadhia, na mlangoni lilining'inia pazia la kitenge. Siku ya kutoa, uliingia peke yako na kikombe chako, ukamimina kwenye gunia, ukatoka umekigeuza kikombe chini juu. Hakuna aliyekuona umemimina nini. Wajane waliokuwa hawana hata punje waliingia kama wengine, wakakaa humo muda wa kumimina, wakatoka na kikombe kimegeuzwa, vichwa juu. Mchungaji alisema: "Kilichotolewa hakichunguliwi." Gunia likijaa lilishonwa mdomo, likaombewa, na kulifungua kabla ya siku ya kuuza ilikuwa sawa na kumfungulia Mungu mfuko. Koko alilipenda sana pazia lile. Lakini mahindi ya mgao yalikuwa yamesafiri miezi mingi kabla ya kutufikia, mengine yalifika yana wenyewe ndani. Siku moja alitoka kule nyuma ananusanusa hewa, akasema kwa sauti ndogo, "Chakula usipokikula, kitapata mlaji."

Mwaka wa pili magunia yalijaa hadi karibu na paa, na wazee wakatangaza kwamba safari hii wataenda watoto wawili. Mwalimu alitaja majina. La kwanza lilikuwa la rafiki yangu, aliyenipita kwa alama chache. La pili lilikuwa langu.

Kanisa lilipiga vigelegele. Rafiki yangu alinirukia shingoni, tukaanguka wote kwenye benchi. Mimi nililia, na kila mtu akadhani ni furaha. Nilikuwa nimeona kichwani kitanda cha chuma kwenye ukumbi wa watoto mia, kengele, matroni mwenye fimbo, na jiko letu bila mimi. Nilikuwa na umri wa kutosha kuona aibu ya hofu hiyo, lakini si umri wa kuishinda.

Kufagia kanisa kila Jumamosi ilikuwa kazi yangu, pamoja na chumba cha nyuma. Shemasi alifungua kufuli la kanisa, akakaa nje kwenye jiwe kwa sababu vumbi lilimkohoza, nami nikaingia na ufagio. Ndipo Jumamosi moja nilipoona unga. Mstari mwembamba, mweupe, laini kama poda, umeshuka chini ya magunia ya ukutani. Nikaufagia. Jumamosi iliyofuata ulikuwa umerudi, mnene zaidi. Nikainama. Nikasikia sauti, ndogo sana, kama mvua inayonyesha kijiji cha mbali, na haikukatika. Nikaweka kiganja kwenye gunia.

Lilikuwa na joto. Chumba kile hakikupigwa jua, kulikuwa na ubaridi hata saa sita, na gunia lilikuwa na joto la mtu mgonjwa.

Mtoto aliyelelewa na koko hahitaji kuambiwa huo ni nini. Nilitakiwa kutoka nje, hatua kumi tu, nimwambie shemasi: magunia yanaliwa. Wangeyafungua, wangeyaanika, wangeyapepeta, wangeyauza upesi kwa bei yoyote. Nilisimama na ufagio wangu, na wazo likaingia taratibu, bila hodi, kama lile vumbi: mahindi yakifa, hakuna anayekwenda. Nitabaki nyumbani.

Nikafagia unga wote. Nikaupeleka nyuma ya kanisa nikauzika kwenye majivu. Shemasi alichungulia akasema, "Ee, mutoto huyu anafagiaka kama mutu mukubwa." Kwa kweli katika maisha yangu yote sijawahi kuwa mchapakazi kama miezi ile miwili.

Nilipotoka, rafiki yangu alikuwa ananingoja na madumu ya maji. Tangu tutajwe majina alikuwa na mchezo wake, ananiuliza habari za mahindi kama mtu anayeuliza habari za mtoto mchanga.

"Mahindi yetu inalala namna gani leo?"

"Inalala muzuri."

"Haikohoe?"

"Hata kidogo."

"Uibembeleze, mama ya jikoni. Ndani mule muko viatu vyangu."

Akacheka, akajitwika dumu, akatangulia. Aliniuliza hivyo kila Jumamosi, nami nikamjibu hivyohivyo kila Jumamosi. Wadudu weusi wadogo walianza kupanda ukutani kwa mstari, wametulia kabisa, kama watu wanaotoka ibadani. Harufu ya uchachu ilinifuata hadi nyumbani. Kwenye maombi ya Jumapili, mchungaji alipotutaka tunyamaze mbele za Bwana, mimi niliisikia ile mvua ya mbali nyuma ya madhabahu, nikashangaa watu mia mbili wenye masikio hawaisikii. Nilianza kuimba kwa nguvu. Wakaniingiza kwenye kwaya.

Katikati ya muda huo mfanyabiashara mmoja wa Mbarara alituma neno kwamba yuko tayari kununua. Bei ilikuwa nzuri. Wazee wakakaa. Mchungaji akasema tungoje kidogo, njaa ya mwaka huu bado haijafika shingoni, tukingoja tutapeleka hata watoto watatu. Wote wakasema amina. Mimi nilikuwa nagawa maji ya kunywa, na nakumbuka nilivyoendelea kujaza vikombe. Ile ndiyo siku ambayo neno langu lingeokoa karibu kila kitu. Najua, kwa sababu nimeihesabu siku hiyo mara nyingi kuliko siku zangu zote za kuzaliwa.

Lori lilikuja Jumatatu, asubuhi yenye jua. Wamama walivaa vitenge vya sikukuu, wakaimba tangu gari lilipoonekana kwenye kona. Yule mfanyabiashara alikuwa mzee Mwislamu mwenye kofia ya kufuma, mpole, akamsalimu mchungaji kwa mikono miwili. Akatoa bambo, kile kichuma chenye ncha cha kuchomea gunia, akakichoma kwenye gunia la kwanza karibu na mlango. Mahindi yakatoka. Akatikisa kichwa, sawa. Akachoma la tatu, la tano. Akaingia ndani zaidi, hadi ya ukutani, akachoma.

Ukatoka unga. Na ndani ya unga, vitu vinavyotembea.

"Pasta," aliuliza, "hii nani alikuwa naangalia?"

"Hatuangaliaki, mzee. Hii imetolewa kwa Mungu."

Yule mzee akazimimina punje kiganjani, akazipuliza kidogo tu. Zikaruka. Zilikuwa maganda matupu, yenye matundu.

"Mungu hakukula hii," alisema polepole, bila dharau. "Wadudu ndiyo imekula. Mimi nachukua ile ya mlangoni. Hii ingine yote, pasta, hii ni ya kuku, na kuku pia itakataa."

Wimbo haukukatika mara moja. Wamama wa nyuma walikuwa hawajasikia, wakaendelea kuimba, na habari ikawafikia mstari kwa mstari, wakanyamaza mstari kwa mstari, mpaka akabaki bibi mmoja kiziwi anaimba peke yake na kupiga makofi. Nikamtafuta rafiki yangu. Alikuwa amesimama mlangoni, anayatazama magunia, halafu akaitazama mikono yake kama mtu aliyedondosha kitu na hajui ni nini.

Nilidhani hakuna atakayekwenda. Hesabu yangu ya kitoto ilikuwa hiyo. Kumbe yale ya mlangoni yalitosha mmoja.

Wazee wakakaa tena, mbele ya kanisa zima. Mwalimu akasema alama ni alama, aende aliyeongoza. Shemasi akasimama akakumbusha sheria waliyojiwekea tangu mwanzo: wakigongana wawili, yatima kwanza. Hakuna aliyetaka kubishana na neno yatima. Mchungaji akaita jina langu.

Nikasimama. "Mimi nibaki," nikasema. "Aende yeye."

Unajua walichofanya? Walipiga makofi. Mchungaji alifuta macho, akasema tazameni moyo wa mtoto huyu, na mama jirani, ambaye binti yake alikuwa ndiyo kwanza amepoteza kila kitu, alikuja akanikumbatia mbele ya watu wote, akanilowesha bega. Maneno matatu yalitosha: nilijua tangu mwanzo. Nilikuwa nayo mdomoni. Yakabaki mdomoni, na koko alikuwa anatazama chini.

Rafiki yangu alingoja hadi tulipofika kwenye njia ya nyumbani.

"Usinihurumie tena mbele ya batu," alisema. "Wende. Usome mingi. Ukirudi utanifundisha."

Siku ya kuondoka alinibebea sanduku la bati kichwani hadi Base Camp, mimi nikitembea nyuma yake nimeshika kitambaa cha pua kama mzungu aliyepotea. Pikapu ilikuwa imejaa. Akanisukumia sanduku, akapanda kwenye tairi, akaniinamia sikioni.

"Kule Mbarara usiseme unajua kufagia," alinambia. "Watakufanya mufagiaji."

Akaruka chini anacheka. Mpaka leo sijui kama ulikuwa utani.

Nilisoma. Nililia muhula mzima, halafu nikazoea, kama watu wote wanavyozoea. Sikuwa nyota, usije ukadanganyika: nilifika mwisho wa sekondari ninashika mkia wa walioshinda, na kipaji pekee kilichoonekana kwangu kilikuwa kushona vifungo vya wenzangu. Rafiki yangu aliolewa kabla ya Krismasi ya pili, akapelekwa Oruchinga, kambi nyingine ya wakimbizi.

Na pazia liliondolewa. Hilo ndilo nililolikuta likizo ya kwanza. Baada ya lile lori, kila mtu alianza kumtazama mwenzake: nani alimimina kikombe kibovu? Wakataja wale maskini zaidi, maana wao hawana sauti. Mgao uliofuata, shemasi alikaa mlangoni mchana kweupe na ungo, akipepeta kikombe cha kila mtu kabla ya kukipokea. Wajane wasio na punje hawakuweza tena kuingia na kutoka na kikombe kilichogeuzwa. Wakabaki nyumbani siku za kutoa, halafu wakabaki nyumbani hata Jumapili. Hakuna aliyewafukuza. Waliacha kuja tu, mmoja baada ya mwingine, na mpango wa masomo ukafa kimyakimya mwaka uleule. Mimi hakuna aliyeniuliza chochote. Mchungaji alisema hadharani kwamba chumba chenyewe kilikuwa safi siku zote.

Nilimwambia koko nilipokuwa kidato cha tatu. Miguu ilikuwa imemvimba, amekaa kwenye mkeka, tunachagua maharage. Nilisema yote kwa mara moja, nikitazama ungo. Hakuacha kuchagua.

"Nilijuaka," alisema.

"Ulijua nini, koko?"

"Nani alikuwa anafua nguo yako? Unga kwa pindo, kila Jumamosi. Unazani miye sijue unga wa mahindi na unga wa wadudu?"

"Mbona haukusema?"

Akarusha jiwe dogo nje ya mlango. Kuku wakalikimbilia, wakaliacha.

"Na ningebaki na nani?" akasema.

Tulimaliza maharage. Hatukurudi tena kwenye habari ile, naye alizikwa mwaka uliofuata upande wa kilima unaotazama ziwa, na kanisa likamwimbia vizuri sana.

Leo ukienda, utakuta kanisa limejengwa kwa matofali, lina bati na spika mbili, na sehemu nyingine watu wanapewa pesa mahali pa mahindi. Chumba cha nyuma kimewekwa ngoma na viti vya plastiki. Niliwauliza vijana wa kwaya kama wanajua habari za vikombe, wakanitazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mtu mzima anayeanza kuchanganyikiwa. Mchungaji alihamia nchi ya baridi pamoja na wanawe. Mama jirani hayupo. Wale wajane sijui walimwomba Mungu wapi.

Mwezi uliopita mama mmoja wa kanisa letu la zamani alikuja hospitali Mbarara, akalala kwangu siku mbili. Alikuwa amepitia Oruchinga kwa binti yake, na huko amemwona rafiki yangu. Ana watoto watatu, ana bustani ya nyanya, mguu wake bado hautulii. Nikauliza, kwa sauti ya kawaida niliyoifanyia mazoezi miaka mingi, kama huwa ananitaja.

"Aah, wewe? Kila siku!" yule mama akasema, anachovya mkate kwenye chai. "Wageni bakifika anabaambia: kuko dada moja Mbarara, alisoma mupaka mwisho. Anabaambia, ule ni sisi tulimusomesha."

Nikamwongezea chai. Ilimwagika kidogo kwenye kisahani, akaniambia pole mwanangu, umechoka, mashine itakuua. Nikasema ndiyo. Alikuwa amebeba salamu na alitaka jibu la kurudisha, akaniuliza nimwambie nini. Nikaweka birika chini, nikamuuliza wale watoto watatu wanavaa sare za namba gani.